Tone Moja kwenye Karatasi ya Kaki

Kazi yangu katika kiwanda cha Tollefson ilikuwa kukaa ndani ya gari likinyeshewa. Kila gari-nyumba lililomalizika liliingizwa kwenye chumba cha mabomba, milango na madirisha yakafungwa, na mimi nimo ndani. Kisha maji yalifunguliwa juu na pembeni kwa saa moja na nusu. Kabla ya hapo nilikuwa nimetandika karatasi ya kaki kila mahali, sakafuni, mezani, kitandani, hata ndani ya makabati, kwa sababu tone likianguka kwenye kaki lina sauti yake, huwezi kulichanganya na kelele za nje. Nilivua viatu, nikazima taa, nikasikiliza. Wengine waliojaribu kazi hiyo walisinzia, au walianza kuimba. Mimi nilipalilia viazi sukari na wazazi wangu tangu nilipotolewa shule darasa la tatu, kwa hiyo kukaa kimya mahali pakavu nilikuona ni mapumziko.

Gari likitoka kavu, niliandika R.M. kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo. Refugia Montoya, ingawa mji mzima wa Nordahl wananiita Cuca. Nikisikia tone, gari lilirudishwa kwa Duane, mfunga madirisha, naye alininunia mpaka jioni. Tulifanya hivyo miaka ishirini na sita.

Kiwanda kilifungwa mwezi wa Oktoba, miaka kumi na saba iliyopita. Gari la mwisho lilikuwa namba 2316. Siku hiyo watu walisimama tu ukumbini, mikono haina kazi, kila mmoja ameshika kopo lake la chakula. Nikaingia, nikatandika kaki, nikakaa pembeni mwa kitanda, na humo ndani nikalia. Sikulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, nami nikawa napenga kamasi badala ya kusikiliza. Taa ilipowashwa niliona doa moja kwenye kaki, pembe ya kushoto ya kitanda, chini ya dirisha, pale pale nilipokuwa nimeinama.

Nikajiambia ni chozi langu. Ningeweza kuwaambia wafungue maji tena. Lakini nje mzee Tollefson alikuwa amesimama, kofia mkononi, akisubiri gari lake la mwisho. Nikaandika R.M.

Tangu siku ile sikujua kama niliandika jina langu juu ya chozi au juu ya maji.

Wenye magari haya hawajaacha kuyapenda. Kila mwezi wa Juni wanakuja Nordahl na kuyapanga kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, yanafika themanini, mengine yana umri wa miaka thelathini. Wanapigiana hodi na kufunguliana makabati. Kitasa kilichotolewa kwenye gari lililogongwa Nebraska kinapitishwa mkono kwa mkono mpaka kimfikie anayekihitaji. Wanasema magari mapya ya madukani yanaanza kuachana viungo kabla ya msimu wa baridi wa pili. Nami huwapelekea tamale, unga wa mahindi na nyama niliouvika maganda ya mahindi, nao huniomba nisimame kando ya kadi zao nipigwe picha, maana kwa miaka mingi walikuwa wakijiuliza R.M. ni nani. Napigwa picha, nacheka nao, halafu nazunguka nyuma ya magari kusoma namba. Kila mwaka nilitafuta 2316, na kila mwaka halikuwepo.

Juni iliyopita lilikuja. Lilikuwa limesimama mwisho kabisa, karibu na uzio, limeoshwa likang'aa. Wenyewe walikuwa mume na mke kutoka Missouri, Wendell na Lorna Ruckert, watu wa makamo yangu.

Mwaka huo Duane, ambaye siku hizi ni mzimamoto wa kujitolea, alikuwa ameleta gari la zimamoto ili turudie mvua ya kiwandani. Watu walipanga foleni. Nilikaa ndani ya magari matatu, yote makavu, na Duane akatembea kifua mbele akimwambia kila aliyepita kwamba madirisha yake hayajui hata jasho. Nikamwambia la nne liwe lile la uzioni.

Wendell akakataa. Akasema gari limechoka na safari. Tulipomsihi akasema zulia ni jipya. Mwisho akasema ndani amelala mbwa wao, mgonjwa.

"Mbwa gani?" mkewe akauliza. "Wendell, miaka arobaini nakuomba mbwa."

Watu wakacheka, naye akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikamwomba basi aniruhusu niingie nione kadi yangu tu. Hilo hakuweza kukataa, akaingia nyuma yangu, akafunga mlango.

R.M. ilikuwepo, herufi zimepinda. Nikaenda kitandani. Pazia la kushoto lilikuwa limebanwa kwa pini, nami nikazichomoa. Nyuma yake, chini ya dirisha, kikombe cha bati kilining'inia kwenye ndoano, na ndani yake kulikuwa na miduara ya maji yaliyokauka, mmoja juu ya mwingine.

Wendell akakaa kitandani. Akanieleza kwamba masika ya kwanza alitoboa paa kufunga antena ya televisheni, na kitabu cha gari kimeandika kwa herufi kubwa paa lisitobolewe kamwe. Wiki ile ile likaanza kuvuja. Ameliziba lile tundu mara kumi na moja. Ndiyo sababu hakuwahi kuja kwenye mikutano. Angesimamaje kati ya watu wanaoapa kwamba Tollefson halivuji mpaka mwenyewe aliharibu? Safari hii Lorna ndiye aliyemlazimisha.

"Nililiharibu la mwisho, Bibi," akasema. "La mwisho kabisa. Tafadhali usimwambie Duane."

Ningeweza kunyamaza. Kwa kujitwika kosa alikuwa amenipa chozi langu bure, nilichukue niende nalo nyumbani. Nikatazama juu. Tundu la antena lilikuwa mbele, juu ya meza, mbali na kitanda. Lakini maji hutembea ndani ya dari, yanaweza kuingilia huku yakatokea kule, kwa hiyo macho tu hayakutosha. Nikakaa kando yake, nikamweleza habari ya lile doa.

Akanigeukia. "Kwa hiyo ni wewe?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka mvua."

Ikabidi Duane aambiwe. Alipanda ngazi, akaifunika antena kwa mfuko wa nailoni na kuizungushia tepu, ili likivuja tujue si pale. Muda wote alikuwa anamsema Wendell kutokea juu.

"Mtu mzima unatoboa paa. Na kitabu unacho."

"Kitabu nilikisoma baadaye."

"Hivyo ndivyo mnavyovisoma wote."

Nikakiondoa kile kikombe, Lorna akachana mifuko ya kaki ya sokoni, tukatandika. Wendell akaomba akae nami. Nikamwambia avue viatu na apumue kwa pua.

Maji yakafunguliwa. Nilikuwa nimesahau jinsi sauti ile inavyokuzunguka mpaka unahisi gari limekuwa dogo. Tulikaa. Nusu saa ikapita, Wendell akaanza kujisogeza, nikamshika goti atulie. Baadaye kidogo, kwenye pembe ya kushoto, kaki ikasema *to*.

Hakuna aliyesogea. Nilisubiri la pili, maana moja limewahi kunidanganya. Likaja, mahali pale pale.

Basi yalikuwa maji. Nilidhani siku nitakapojua nitaumia, lakini niliona tu vile mikono yangu ilivyokuwa imetulia mapajani. Wendell alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Miaka kumi na sita naliomba paa msamaha," akasema. Kisha cheko likamtoka usoni. "Ungerudia siku ile. Nusu saa tu."

"Ningerudia," nikamwambia.

Nikamuuliza kwa nini hakuliuza, kama aliamini limeharibika. Akanyoosha mkono, akavuta droo ya jikoni, akaiachia. Ikarudi yenyewe taratibu, ikafunga bila kelele.

"Mengine yote yako kama hivyo," akasema. "Ningepata wapi?"

Duane alilitoa dirisha jioni ile. Kwenye pembe ya juu palikuwa na nafasi isiyo na silikoni ya kuzibia, upana wa kidole. Alipapangusa kwa gumba mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilimsubiri atafute visingizio, lakini alisema tu, bila kunitazama, "Siku ile hata mimi nilikuwa sioni vizuri." Akapaziba upya, akatuambia pakauke mpaka kesho, na mtu asiguse.

Asubuhi tulifungua tena maji, saa moja na nusu kamili. Nilikaa peke yangu. Nilisikia maji ya nje, nikasikia kiti cha Lorna kinavyolia akisubiri, na ndani sikusikia kitu.

Waliingia wote watatu, wakajibana mlangoni. Nikaichukua kaki ya kitandani, nikaipeleka kwenye mwanga, mbele na nyuma. Nikapitisha kiganja. Nikaipitia upya, nikianzia ile pembe.

"Cuca, ni kavu," Duane akasema. "Unasubiri nini?"

"Sijamaliza," nikamwambia.

Nikaenda kwenye kabati, nikaipiga mstari R.M. ya zamani. Wendell alitaka kunizuia, akasema iachwe tu, ni kumbukumbu. Nikampa kaki aishike. Nikaitazama ile pembe mara ya tatu, ndipo nikaandika nyingine chini yake, na tarehe.