Mkate wa Wajomba

Wajomba wawili, waokaji waliofungua duka pamoja wangali vijana, siku hizi walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Walikuwa wamekata shauri kuachana, na ile nembo ya duka, mkate wa duara, igawanywe nusu kwa nusu. Ndiyo maana asubuhi hiyo waliketi kulia na kushoto kwa mpwa wao, mchora mabango, kila mmoja akikodolea macho kompyuta kana kwamba mwenzake hayupo.

Mpwa walikuwa wamemchosha. Alichagua kile kisu cha kukatia picha kwenye programu ya kuchorea, akakipitisha katikati ya mkate, toka juu hadi chini.

Picha haikubadilika hata kidogo.

"Mashine yako imegoma," mjomba mkubwa alisema.

"Haijagoma, mjomba. Imeshakata. Vipande vinabaki palepale mpaka mtu avisogeze. Nikishavitenganisha, nitavuta hizi nukta za pembeni, upande uliokatwa uvimbe, kila nusu iwe mkate wake."

"Mkate mdogo," mjomba mdogo alinung'unika.

"Ndiyo, mdogo! Mlitaka ukatwe halafu ukue?" Akashika kipanya. "Haya, nianze kusogeza cha nani?"

Mjomba mkubwa alikohoa. Mjomba mdogo akajikuna shingo. Mikononi mwao wote wawili kulikuwa na unga uleule wa alfajiri.

"Kwani," mjomba mdogo aliuliza, akimtazama kaka yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, "ni lazima visogezwe?"