Aliyeongeza Mvua

Method hakuwa mtu wa kuamini watu, na ukimwuliza angekwambia kosa ni la mizani. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe kwa kila mwenye lori, na wanunuzi binafsi waanze kufika Bariadi kila mmoja na mizani yake, alikuwa amejionea mzigo uleule ukiwa mzito asubuhi na mwepesi mchana. Akawa anasimama pembeni ya foleni akiwaambia wakulima wenzake waangalie kidole cha mpimaji, waangalie ndoano, waangalie na mguu. Watu walimsikiliza, wakacheka, kisha wakauza, maana pamba huwezi kuipika.

Yeye mwenyewe alikuwa mpimaji. Miaka mingi alipima mvua katika kituo kimoja cha kilimo, hadi wafanyakazi walipopunguzwa naye akarudishwa nyumbani na asante ya mdomo. Aliondoka na kipimamvua kilichokuwa kimetelekezwa stoo: kopo refu la shaba lenye faneli juu na chupa ndani. Alikichimbia uani kwake, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Lamadi, akakizungushia miiba ili mbuzi wasikisogelee. Kila asubuhi alitoa chupa, akamimina maji kwenye mrija wa kioo wenye alama, akasoma. Hakuna aliyemtuma. Aliipima mvua kwa sababu, kwa kadiri alivyojua, ndiyo kitu pekee kilichobaki ambacho hakina mkono wa mtu.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Desemba, mwaka wa Elinino, alishtuka kuliko wengine. Mvua ilikuwa imepiga tangu jioni iliyotangulia bila kupumua. Alikuta chupa imejaa ikafurika, na maji yaliyofurika yamelijaza kopo lenyewe hadi shingoni. Akapima, akamwaga, akapima tena, mpaka mkono ukamchoka. Alipojumlisha akapata karibu milimita mia mbili za siku moja, na katika kazi yake yote alikuwa hajawahi kuvuka mia. Mtu mwingine angesema, hii ndiyo mvua. Method alisema, hapa pana mtu.

Aliinama akatafuta nyayo. Matope yalikuwa laini, hayana alama hata ya kuku. Lakini kwenye miiba, upande wa juu wa mteremko, aliikuta kata ya kibuyu imenasa, mpini wake umefungwa kwa uzi wa katani. Aliijua. Ilikuwa ya Nyanjige, mjane aliyekaa nyumba ya juu yake. Mama huyo, kiangazi cha mwaka juzi, alimwambia kwamba lile kopo lake linakunywa mvua ya wenzake, alihamishe. Alisema huku akicheka, lakini Method hakuwa mtu wa kusahau maneno kwa sababu tu yamesemwa kwa kicheko.

Kwa hiyo mambo yote alishayaelewa kabla hajanywa uji. Mama yule amekuja gizani na kata yake, akamjazia kopo ili ampotoshe. Kwa faida gani? Hilo hakujiuliza sana, sababu angeitafuta baadaye. Kwanza alitaka watu wajue.

Dukani kwa Salu alikuta wanaume wamejibanza kukwepa manyunyu. Mmoja wao alikuwa Malimi, kamanda wa sungusungu wa kitongoji, ambaye ukuta wa nyumba yake ulikuwa umelala chini na mbegu za pamba alizopanda zimekwenda na maji. Method hakusubiri hata kusalimia vizuri.

"Nyanjige ananiongezea mvua," alisema.

Kwa lugha ya kituoni, mvua ni maji yaliyomo ndani ya chupa. Bosi wao akiuliza mvua iko wapi, mtu alimletea chupa. Method alikuwa amesema hivyo miaka mingi mno hata hakusikia tena neno hilo linavyoingia kwenye masikio ya mkulima.  Salu akaacha kupima sukari.

"Umeona mwenyewe?" Malimi akauliza.

"Nina ushahidi. Kata yake nimeikuta kwangu. Anachota, anamwaga, mvua inaongezeka."

Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyeuliza zaidi, na Method akarudi nyumbani kifua mbele. Tangu aanze kuwaonya watu hawa kuhusu mizani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Siku zilizofuata aliweka ulinzi. Alijificha nyuma ya jiko na gunia kichwani, akitolea macho kopo lake. Hakuja mtu, na kopo likafurika vilevile. Akamshuku mbuzi. Akamshuku shemeji yake aliyepita kuazima jembe. Alfajiri moja akamtazama hata mkewe Flora kwa jicho baya, na Flora akamrudishia jicho hilo na riba juu. Mvua ikaendelea kunyesha, barabara ya Lamadi ikakatika, na Method akaendelea kutafuta mtu.

Kisha Nyanjige mwenyewe akaja, khanga imemgandia mwilini, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," Method akajibu, amekaza uso.

Mama akauliza kama wameiona kata yake. Usiku ule wa mvua kubwa, alieleza, maji yaliingia jikoni kwake yakatoka na kila kitu. Mtungi aliukuta umevunjikia mtaroni, sufuria mpaka leo hajaiona. Alipomaliza habari ya vyombo hakuondoka. Alisimama akichezea pindo la khanga, akasema kwamba kisimani siku hizi akifika, wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka.

"Nimewakosea nini, baba?" akauliza.

 Method alikuwa anatazama mteremko. Kutoka jiko la mama hadi kwenye miiba yake majani yote yalikuwa yamelala upande mmoja, yamechanwa na mkondo. Ilikuwa njia ya maji, wazi kabisa, na siku zote hizo alikuwa ameiruka kwa macho akitafuta nyayo. Hakuna aliyemwaga kitu. Zile milimita zilikuwa za kweli. Akamletea mama kata yake, na nisikufiche, kwa muda mfupi alifurahi, maana alikuwa ameipima mvua kubwa kuliko zote alizowahi kuziona na kopo lake halikusema uwongo.

Flora ndiye aliyemkata furaha hiyo. Alisubiri Nyanjige apande mteremko, ndipo akamweleza mumewe kinachosemwa huko vijiweni: kwamba Method, mtu wa vipimo, amemkamata Nyanjige akiiongeza mvua ya Elinino kwa kata. Kwamba ukuta wa Malimi, pamba ya watu na ng'ombe waliosombwa, vyote ni kazi ya kata ile. Sungusungu walikuwa wanakutana kesho yake kwenye uwanja wa shule.

"Ulisema wewe," Flora alimwambia. "Wao wamesikia walichosikia, lakini ulisema wewe."

 Wote wawili walimjua bibi wa kijiji cha pili aliyekatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo, bibi ambaye ushahidi dhidi yake ulikuwa macho mekundu, macho ya mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Method aliogopa, na aibu ikamshika vibaya.

Uwanjani kesho yake Nyanjige alikuwa ameketishwa chini peke yake, miguu ameinyoosha mbele, na wanaume wamemzunguka na fimbo zao. Wengine walikuwa na mapanga. Method akaomba kusema. Akaeleza habari ya chupa na faneli, na jinsi wao kituoni walivyoita mvua yale maji ya ndani. Akasema alidhani mama anamwaga maji kwenye chupa, sasa amehakikisha kwamba hakumwaga. Alieleza vizuri, taratibu, na alipomaliza alidhani amemaliza.

Malimi hakuwa mtu mkatili. Alikuwa amepoteza nyumba na shamba, akataka kuambiwa nani.

"Kwa hiyo mvua imeongezeka kweli?"

"Imeongezeka."

"Kuliko zote ulizowahi kupima?"

 "Kuliko zote."

"Na kwenye kopo lako hakumwaga mtu."

"Hakumwaga mtu."

"Sasa imetoka wapi?"

Method akaanza kueleza habari za bahari kupata joto, alivyosikia redioni, bahari ambayo hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuiona. Akajisikia mwenyewe anavyosikika. Wanaume walikuwa wamesogea, duara limekuwa dogo, na Nyanjige alikuwa anamwangalia yeye, si wao. Kila neno la kweli alilolitoa lilikuwa linamsukuma yule mama kwenye panga.

Hapo ndipo alipowaona watu wake sawasawa. Hawakuwa na shaka yoyote na uchawi. Shaka yao yote ilikuwa kwenye vipimo, na mmoja wa waliowafundisha shaka hiyo alikuwa yeye.

"Nimewadanganya," akasema.

Akawaambia kwamba kopo alilijaza mwenyewe. Kata aliiokota mtaroni akaitia kwenye miiba. Mvua hii inanyesha kila mahali, Dar es Salaam inanyesha, Kenya inanyesha, na Nyanjige hajafika hata Maswa. Wakamwuliza kwa nini amfanyie hivyo mjane, na jibu likamtoka kabla hajalitafuta: alitaka itongo lake. Alitaka ile ardhi nyeusi ya mahame, palipokuwa na zizi la marehemu mume wa Nyanjige, ardhi inayoota mahindi bila kubembelezwa. Mama akifukuzwa, yeye angeichukua.

Duara likalegea. Haya waliyaelewa. Misimu yote hiyo walikuwa wameibiwa na kila mwenye kipimo, na ajuza kusingiziwa kwa ajili ya ardhi halikuwa jambo geni kwa yeyote pale. Malimi alimtazama Method kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe na wewe ni walewale," akasema.

Akatengwa. Hadi mavuno, hakuna aliyeruhusiwa kumsalimia, kumpa moto wala kumshika mkono msibani. Nyanjige aliinuliwa, akapelekwa kwake, na wanawake wakamchangia sufuria. Method alilisema lile kopo kwa maneno mabaya mbele ya wote, akaling'oa jioni hiyohiyo.

Flora alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Uwongo ule ulikutoka upesi sana," alisema.

Method akajibu kwamba ilibidi, wangemuua.

"Najua wangemuua. Umefanya vizuri. Ila lile itongo ulikuwa unalitazama."

Method alijichunguza ili apate jibu. Mtu aliyekuwa amemshuku kila mtu kitongojini, hadi mbuzi, alikuwa hajawahi kujishuku, na sasa hakujua aanzie wapi. 

Nyanjige alipanda ua wa minyaa mpakani, mistari miwili, na njia yake ya kisimani akaihamishia mbali. Mavuno yakapita, watu wakaanza kumsalimia Method tena kwa kubana midomo. Asubuhi moja wakakutana uso kwa uso kwenye kona ya shamba, yeye na mama, hakuna pa kupishana.

"Mwangaluka, mayu."

Mama hakuitikia. Alimtazama kwa huzuni zaidi ya hasira.

"Kama ulikuwa unalitaka itongo," akasema, "ungeniomba. Nilikuwa nakuita baba."

Akapita. Method akafungua mdomo amwite, amweleze yote. Lakini maelezo yale yalianza kwa kusema kwamba mvua iliongezeka kweli, kuliko zote, na kwamba kata ilijileta yenyewe. Mama angefurahi mno kuyasikia asiweze kuyaficha, na kisimani kungekuwa na masikio. Malimi alikuwa bado na fimbo yake, na mvua nyingine zingekuja. Akafunga mdomo, akasimama palepale mpaka mama alipofika kwake na kufunga mlango.