Waya wa Mlola

"Angalia vizuri, mzee Shabani," Mika alisema kutoka chini. "Lazima waya umegusa tawi mahali fulani."

Shabani alikuwa juu ya nguzo, miguu imeibana, akitamani kumtemea mate utosini. Miezi saba alibeba nguzo hizi begani, akichimba mashimo kwenye mawe kutoka Lushoto hadi Mlola, kabla huyu kijana hajashuka basi na cheti chake cha Dar es Salaam. Sasa Mika ndiye mtaalamu. Yeye anaambiwa panda, anaambiwa shuka. Na ofisini kulikuwa na nafasi moja tu ya msimamizi wa laini.

Laini yenyewe Mika aliipanga kwa akili, na hilo ndilo lililomuuma Shabani zaidi. Waya mmoja, simu tatu za kuzungusha mkono, vijiji vitatu vya ujamaa. Kwa kuwa simu zote zililia pamoja, kila kijiji kilipewa hesabu yake: mlio mmoja wa binti Tatu, karani wa kijiji cha kwanza, miwili ya Paskalina, karani wa cha pili, mitatu ya mzee Athumani, mwenyekiti wa Mlola. Mlio usio wako, usiinue. Lakini kila Lushoto ilipopiga Mlola, sauti ilififia mpaka ikapotea.

Karani wa Lushoto alikuwa akijaribu tena. Shabani akaunganisha simu yake ya kupimia, akasikiliza. Ikalia mara tatu.

"Mlola hapa," mzee Athumani aliitika.

"Shikamoo, baba mwenyekiti!" Huyo alikuwa Tatu.

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, baba!" Paskalina naye. "Mama ameamkaje?"

Shabani nusura acheke. Mabinti wana adabu zao! Wasikie mzee anaitwa, wanyamaze kama hawamjui? Basi waliinua wote, na nguvu kidogo ya waya ikagawanywa mafungu matatu. Dawa ilikuwa ndogo mno: wapangiwe saa ya kumwamkia mzee, kisha mlio wake ukilia waiache simu.

"Umeona nini?" Mika aliuliza.

"Sijaona kitu."

Alhamisi akaja ofisini Lushoto bwana mkubwa wa mkoani kuijaribu laini. Alizungusha, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, asiambulie neno. Shabani alisimama mlangoni, moyo mweupe kwa furaha.

"Kosa ni langu," Mika alisema. "Kazi ya mzee Shabani haina dosari, nimeikagua mwenyewe. Hata usimamizi nimeandika apewe yeye."

"Usimamizi wa nini?" bwana mkubwa aliuliza. "Kama waya ni mzima, ung'oeni. Wilaya nyingine wanauhitaji."

Shabani akafungua mdomo. Akisema sasa, ataulizwa alijua tangu lini. Mika alikuwa amegeuka kumtazama. Shabani akaufunga mdomo.

Jumatatu alianzia Mlola, akiukata waya na kuuvuta. Waya ulilala bondeni katikati ya mashamba, na mama mmoja akatupa jembe, akauinua usimkatie kabichi.

"Mnaukaza, Shabani? Nasikia ulikuwa umelegea."

"Tunaukaza, mama."

"Mungu awabariki." Akaushika kwa mikono miwili, juu ya kichwa, akamsaidia kuupitisha mpaka ncha yake ikamtoka viganjani.