Baraza Lisilokunywa Rangi

Nimeuza rangi za mbao miaka ishirini na miwili katika duka la vifaa la Halvorsen, hapa Duluth, na muda wote huo sijawahi kumwambia mteja "sijui". Si kwamba najua kila kitu. Ni maringo tu. Mtu akisimama mbele ya kaunta yangu na kipande cha mbao mkononi, mdomo wangu huanza kujibu kabla kichwa hakijafika.

Mwaka huu, wiki ya kwanza ya Juni, watu walipoanza kukumbuka kwamba nyumba zao zina upande wa nje, aliingia Mwalimu Verlyn Stromquist. Alinifundisha kemia sekondari. Kwenye ripoti yangu ya mwisho aliandika: "Kivela anasema mengi kuliko anayoyajua." Mama alisoma ripoti ile kwa sauti mezani, mbele ya shangazi zangu wote.

"Kivela," aliniita kwa jina la ukoo, utadhani bado nimekaa dawati la nyuma. "Kumbe umeishia kwenye kemikali."

"Karibu, Mwalimu. Nikusaidie nini?"

Alikuwa amestaafu, yeye na mkewe LaVonne wamehamia nyumba ndogo karibu na ziwa. Nyuma kulikuwa na baraza kubwa la mbao, la kutosha viti vinane, lakini limepauka, la kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Alitaka kulipaka rangi ile inayonywewa na mbao, si ile ya kukaa juu tu kama ya ukutani.

Nikafurahi moyoni. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu nina miaka kumi na saba. Nikamuuliza kama baraza linapigwa na jua au lina kivuli, kama theluji inalala juu yake, kama wanapita na mabuti. Nikamweleza kwamba rangi nzito ni nzuri kwa ua wa kuzungushia bustani lakini sakafuni hubanduka kwa kukanyagwa. Kwa baraza achukue nyepesi, inayoacha mishipa ya mti ionekane, tena ya mafuta.

"Mbao zenyewe zina hali gani?" nikauliza.

"Safi ajabu! Zina miaka kumi na minne na hazina ufa hata mmoja. Natembea peku, sijachomwa na kibanzi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Badala yake nikaitikia kwa kichwa kama daktari bingwa. "Mwerezi huo. Mwerezi wa hali ya juu."

"Ndivyo nilivyomwambia LaVonne," akasema, akaandika *mwerezi* kwenye daftari lake.

Nikamwambia kwanza anyunyize maji. Yakizama, mbao ina kiu, apake. Yakibaki juu, kuna rangi ya zamani inayoziba.

Kesho yake alirudi. "Yamebaki juu. Yamesimama kama shanga."

"Bandua rangi ya zamani." Nikamuuzia dawa ya kubandulia na brashi ngumu.

Baada ya siku tatu alirudi tena, magoti yamechubuka. "Bado shanga."

"Piga msasa."

Alipiga msasa siku mbili, akaja na bahasha. Ndani mlikuwa na uchafu uliojisokotasokota, kama mabaki ya kifutio cha penseli. "Nini hii, Kivela?"

Mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri, nikaishika, nikainusa, nikatamka: "Utomvu."

Utomvu! Mungu anisamehe.

Basi akaamua kufanya jaribio kamili. Alichora miraba kumi na mmoja barazani kwa chaki, akaipa namba, akapaka kila mmoja rangi yake: asali, karanga, kahawia ya mbweha, nyingine za mafuta, nyingine za maji. Kila asubuhi alipima joto na unyevu wa hewa. Mimi nilikuwa nikimfungulia kopo baada ya kopo na kumpa maelezo mapya. Siku moja nilimwambia asipake mchana, jua linakausha haraka mno. Siku iliyofuata nilimwambia asipake asubuhi, kuna umande. Mtu huyo alibakiwa na kama saa moja na nusu ya kupaka.

Wiki ya tatu alikuja na mbwa. Mbwa wao anaitwa Neoni, ana manyoya mengi na ni mweupe kama sukari. Nasema mweupe, lakini siku hiyo ubavu wake wote wa kushoto ulikuwa wa chungwa.

"Mraba namba saba," alisema Mwalimu. "Nimepaka Jumatatu. Leo Alhamisi. Amelala juu yake dakika kumi."

"Haijakauka mpaka leo?"

"Haijakauka, haijazama. Imekaa juu inaniangalia. Kivela, katika jaribio hili kuna mwenye kosa, na si mimi."

"Basi ni mimi?"

"Tumebaki mimi, wewe na mbwa."

Wateja wakacheka. Masikio yakanichoma. Nikamwambia nikitoka kazini saa kumi nitakuja kuangalia mwenyewe, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili.

LaVonne alinifungulia mlango, mama mpole wa umbo dogo mwenye aproni, akanipa kahawa na kipande cha keki ya limau kabla sijavua koti. Mwalimu alikuwa amesimama barazani na daftari, kama anasimamia mtihani.

Nikapiga magoti. Nikapitisha kiganja juu ya mbao. Zilikuwa laini, laini vibaya. Kisha nikaona fundo, lile jicho linaloachwa na tawi. Ubao wa pili haukuwa nalo. Ubao wa tatu ulikuwa nalo, pale pale. Lile lile, na mkia wake mdogo unaopinda kulia. Nikahesabu: kila baada ya ubao mmoja, jicho lile lile linanikodolea. Nikatambaa hadi ukingoni, nikachungulia ncha ilipokatwa na msumeno. Hakukuwa na miduara ya umri wa mti. Palikuwa pa rangi moja tu, kama soseji.

Nikaweka keki chini.

"Mwalimu," nikasema nikiwa bado nimepiga magoti. "Hii si mbao."

"Unasemaje?"

"Ni plastiki. Plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao. Hainywi rangi. Hata ungeipaka mpaka Krismasi."

Alilitazama daftari lake, kurasa kumi na tisa, zenye grafu.

LaVonne akasema kupitia dirisha la jikoni, taratibu, "Si ndiyo sababu tuliinunua nyumba hii, Verlyn? Wakala alituambia, baraza halihitaji kupakwa rangi. Wewe ulikuwa unamweleza jinsi barafu ya ziwani inavyopasuka."

"Ulikuwa unajua?" Sauti ya Mwalimu ilipanda. "Wiki tatu unaniangalia napiga msasa plastiki?"

"Mpenzi wangu, tangu ustaafu umenipangia upya viungo vyangu vya mchuzi kwa alfabeti. Umepima joto la friji yangu. Wiki hizi tatu nimepika kwa raha." Akanigeukia. "Halafu na wewe, Marlys, kila jibu lako alilorudi nalo lilikuwa na uhakika mkubwa. Nikasema labda siku hizi plastiki inapakwa."

Nilitamani baraza lipasuke linimeze, ila lile halipasuki.

"Nilitaka unione najua," nikamwambia Mwalimu.

Alikaa kwenye ngazi. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka Neoni akaja kumlamba uso. "Utomvu!" alisema akifuta machozi. "Na mimi nikauandika! Nikaupigia mstari!"

Tulipotulia nikamwaga kahawa yangu iliyobaki kwenye ua wa mbao uliozunguka bustani. Ilizama papo hapo, kama imemezwa. Mwalimu akaruka. "Imekunywa! LaVonne, imekunywa!"

Tukaanza kubishana upya. Yeye alitaka rangi nyepesi, mimi nikasema ua ule una madoa ya miaka mingi, unahitaji nzito inayofunika. LaVonne akatoka na taulo begani, akachukua kitabu cha sampuli za rangi nilichokuja nacho, akaweka kidole kwenye kijani ya misonobari.

"Hii. Ni mimi nitakayeuangalia nikiosha vyombo."

Jumapili baada ya kanisa tuliupaka sote watatu, Neoni akiwa amefungiwa ndani. Mwalimu alipaka pole pole, bila kusema, akifuata mishipa ya mbao. Saa tisa tulianika vitambaa vyenye mafuta kwenye kamba, kimoja kimoja, maana vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Hilo alilieleza yeye, nami nikamwacha aeleze mpaka mwisho. Tulikula samaki wa ziwani na viazi, mikono yetu ya kijani.

Jumatano LaVonne alinipigia simu dukani, akinong'ona. "Marlys, ua umekauka. Sasa hivi yuko jikoni, anapima vijiko. Huna kazi nyingine ya nje?"

Nikamtajia meza za nje za kanisa, kumi na mbili.

"Ngoja kwanza," nikasema nikichukua funguo za gari. "Niende nikazishike."