Uzi Uliokataa Kuwa Mweusi

Mama hakuwa na nguo nyeusi hata moja. Baba alizikataa, akisema zinamfanya aonekane anasubiri mtu afe. Sasa amekufa yeye, na maziko yalikuwa leo saa nne. Basi mimi, mtia rangi nguo, jana nililitumbukiza gauni jekundu ambalo baba alimnunulia mama kwenye sufuria la rangi nyeusi.

Hofu yangu ilikuwa shangazi, dada yake baba, aliyenifundisha kazi hii. "Mama yako asije makaburini na mekundu yake," alisema. "Nitamtoa mwenyewe, mbele za watu." Kwake rangi si mchezo. Enzi za kunifundisha, tukikoroga rangi, alinisimulia kuwa zamani, katika nchi nyingi, nyeusi iliyokolea ilikuwa ya matajiri, maana nguo ilichovywa mara nyingi na si kila mtu aliimudu. Leo kapuku na tajiri tunalia na nyeusi ileile.

Asubuhi nikalianua gauni nilipige pasi. Kitambaa, cha pamba, kilikuwa cheusi tii, lakini kila mshono ulibaki mwekundu: mabegani, kiunoni, kwenye pindo. Uzi ulikuwa wa nailoni, na rangi ya kutia nguo za pamba haiushiki. Hata anayeanza kazi leo anakagua uzi kabla ya kuwasha jiko. Mimi nina miaka kumi na moja kazini, bure kabisa!

Nikachukua kalamu ya wino mweusi, nikaupaka mshono mmoja baada ya mwingine.

"Tayari?" mama akauliza mlangoni.

"Bado kidogo, mama." Sikumwambia. Alikuwa na mzigo wa kutosha.

Makaburini mvua ikaanza kunyunya. Nikasimama nyuma ya mama. Wino ukachuruzika, na mabegani kwa mama ikatokeza mistari miwili myekundu. Watu wakagusana viwiko. Shangazi akageuka, akaona, akaanza kuja.

Nikajitupa katikati yao. "Shangazi, kosa ni langu. Nakuomba, usimtoe."

Akanisukuma kando. Akapitisha kidole kwenye mshono, polepole.

"Hili si lile gauni la kaka?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Mmelipika kwa sababu yangu?"

Shangazi akavua mtandio wake mweusi, akamfunika mama mabega, akabaki amemshika. Kisha akaninong'oneza:

"Nilikufundisha nini kuhusu uzi?"

"Niukague kwanza," nikasema, na hapo ndipo nikamlilia baba kwa mara ya kwanza.