Askari Anayekimbia

Siku Selwyn Wragg aliposema mbele ya watu wote kwamba mashujaa wa Royston wana mikono kama soseji, Royston Hallam alicheka pamoja na wenzake. Alicheka hata akapiga meza. Halafu akarudi kwenye benchi lake, akainamia lenzi, na masikio yake yakabaki mekundu mpaka saa ya kutoka kazini.

Ilikuwa Februari mwaka 1989, mjini Nottingham, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha lesi. Watu kumi na mmoja walifanya kazi humo, wakitengeneza visanamu vya metali vya kuchezea vita mezani: askari, majitu, wachawi, kila kimoja kirefu kama kidole gumba. Royston alikuwa mchongaji. Alikanda utepe wa buluu na wa njano mpaka ukawa udongo mmoja wa kijani, akauvika juu ya kiunzi cha waya, na kwa sindano za daktari wa meno akauchonga pua, vifungo na mikunjo ya nguo kabla haujakauka. Kisanamu chake kikishapita kwenye kalibu za mpira na kumiminwa metali, nakala ya kwanza ilikwenda kwa Selwyn, ambaye aliipaka rangi kwa ajili ya picha za katalogi. Wateja walinunua walichokiona pichani, kwa hiyo neno la Selwyn lilikuwa na uzito. Na safari hii hakukosea. Mikono ilikuwa kama soseji kweli, na hilo ndilo lililomuuma Royston.

Wawili hao walikuwa marafiki. Mchana walikula pamoja, mikate ya duara yenye jibini na kitunguu, na Ijumaa baada ya kazi walipita baa ya jirani. Ijumaa moja ya Novemba iliyopita, watu wote wakiwa wamebandika maua mekundu ya karatasi kifuani kuwakumbuka waliokufa vitani, Royston alimwona mwenzake hana.

"Vipi, umelipoteza ua lako?" aliuliza. "Wewe si ndiye askari peke yako humu ndani?"

Selwyn alizungusha glasi yake mezani. Uso wake haukuwa wa kusahaulika: pua ilivunjika utotoni ikakaa upande, na kope ya kushoto ililegea kama ya mtu mwenye usingizi. Akasema polepole, bila kumtazama, kwamba mwaka 1982 kule visiwa vya Falkland walipanda mlima chini ya risasi, yeye na kijana wa Wales aitwaye Gethin. Gethin akapigwa. Akaanguka, akamwita kwa jina.

"Nikatupa bunduki nikakimbia," alisema Selwyn. "Nikajificha nyuma ya jiwe mpaka kukapambazuka. Alikuwa ananiita, Roy. Halafu akaacha. Hakuna aliyeniona, na tuliporudi nikapewa medali kama wenzangu. Hata mke wangu sijamwambia."

"Basi litabaki hapa hapa," Royston alijibu, na alikuwa anasema kweli.

Sasa, wiki ile ile ya maneno ya soseji, Maxine Oldershaw, mwenye kampuni, alitaka kundi la askari sita wa mikuki. Watano wa kwanza Royston aliwachonga kwa siku nne. Wa sita alimaliza kwa mchana mmoja. Alimchonga akiwa anakimbia, ngao imebaki nyuma, mkuki ndio kwanza unamtoka mkononi, mdomo wazi, macho yamefumbwa kwa hofu. Pua aliikalisha upande. Kope ya kushoto akailegeza kidogo tu, kwa ncha ya sindano.

Baadaye, kila alipojaribu kujitetea ndani ya nafsi yake, alikwama kwenye jambo moja: mchana ule alikuwa na furaha. Hakufikiria Falkland wala Gethin. Alifikiria vidole, namna vinavyoachia kitu, na vidole vilikuwa vinamtii kama havijapata kumtii maisha yake yote. Alipiga mluzi akifanya kazi.

"Huyu ni mtu kabisa," Maxine alisema, akimgeuza chini ya taa. "Kila jeshi lina mmoja wa hivi, halafu hakuna kampuni inayomuuza. Mpeleke kwenye kalibu leo leo."

Hapo Royston angeweza kusema ngoja, nirekebishe uso. Angehitaji dakika tano. Hakusema.

Nakala ya kwanza ilitua mezani kwa Selwyn asubuhi ya Jumatano. Royston, aliyekaa hatua sita kutoka pale, aliinamia kazi yake bila kugusa chochote. Alimsikia Selwyn akisogeza kiti. Alimwona kwa pembe ya jicho akisimama, akikipeleka kisanamu dirishani penye mwanga, akikishika kwa vidole viwili. Alisimama pale muda mrefu, mabasi mawili yakapita barabarani chini.

"Mikono imekaa vizuri safari hii," Selwyn alisema, akarudi kukaa.

 Alipaka kisanamu kile kwa siku mbili, kazi ambayo kwa kawaida ilimchukua saa tano. Wenzao walipita nyuma yake, wakapunguza sauti. Mmoja akaanza kusema, "Aisee, huyu mbona kama..." halafu akajikohoza akaenda zake. Ijumaa jioni Selwyn alikuja kwenye benchi la Royston na kukisimamisha kisanamu mbele yake. Ngozi ilikuwa na weupe wa mtu aliyeishiwa damu usoni. Kwenye magoti alikuwa ametia tope jeusi. Na juu ya kope zile zilizofumbwa alikuwa amepaka macho, meupe na meusi, wazi kabisa.

"Nimekurekebishia," alisema. "Ulimfumba macho. Hayakuwa yamefumbwa."

Akachukua koti lake akaondoka. Ijumaa ile hawakwenda baa.

Royston alidhani mwenzake ataacha kazi, au atampiga. Aliisubiri ngumi kwa wiki nzima, na aliitamani. Badala yake Jumatatu saa nne Selwyn alimletea chai kama kawaida, yenye maziwa na sukari mbili, akaiweka palepale inapowekwa siku zote. Na Jumanne. Na Jumatano. Royston aliinywa kila siku. Mara moja alimfuata kwenye ngazi za nje alikokuwa anavuta sigara.

"Selwyn, nilitaka kukuambia."

"Kuhusu nini?"

Selwyn alisubiri. Alisubiri kweli, sigara ikiungua, bila kumsaidia hata kwa neno moja.

"Kuhusu ile hita ya umeme," Royston alisema. "Inanuka. Waambie watengeneze."

"Haya," Selwyn alijibu. "Nitawaambia."

Askari yule aliuzwa kuliko wenzake watano wote kwa pamoja. Wachezaji walimpenda. Walimweka nyuma ya majeshi yao, wakambandika majina, wakacheka kila alipookoka vitani wakati majemadari wanauawa. Siku ya mkutano mkubwa wa wachezaji, kwenye ukumbi wa mji, Royston na Selwyn waliketi meza moja kuzungumza na wateja. Mtu mmoja mnene, mwalimu wa hesabu kutoka Derby, alikisimamisha kisanamu mbele ya Selwyn, akamtazama, akakitazama, akaangua kicheko.

"Ni wewe bwana. Usibishe, ni wewe. Mlikuwa mnataniana nini?"

"Ni mimi," alisema Selwyn.

"Basi nitilie sahihi hapa chini. Andika, mwoga wenu mpendwa."

Selwyn alichukua kalamu. Aliandika maneno yale yale, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, akamrudishia mwalimu kisanamu chake, akamtakia safari njema. Wengine wakajipanga nyuma. Royston alihesabu sahihi tisa, kisha akainuka akatoka nje ya ukumbi.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Maxine na kumwomba amwondoe askari yule kwenye katalogi.

"Kwa nini?"

"Sikumtendea haki mtu."

"Ukimaanisha Selwyn, nimeshamuuliza mwenyewe," Maxine alisema. "Aliniambia nimwache askari alipo. Sasa wewe unanisumbulia nini, Roy? Wachongaji wote wanachonga sura za jamaa zao. Mimi mwenyewe ulinichonga mchawi, tena mwenye chunjua puani."

Asingeweza kumweleza bila kutoa siri mara ya pili. Alitoka.

Kesho yake mchana, wenzake walipokwenda kununua samaki na chipsi, Royston aliingia chumba cha kumimina. Kalibu za mpira zilikuwa rafuni, nyeusi, za duara kama chapati nene. Alizitafuta za askari anayekimbia, akazikuta saba. Alizikata moja moja kwa kisu cha zulia, akipasua kila tundu lenye umbo lile. Mpira ulikuwa mgumu na alijikata kidole. Nakala mama, ile ambayo kalibu zote zilitokana nayo, aliiweka juu ya chuma na kuiponda kwa nyundo. Kisha akakaa juu ya ndoo akawasubiri warudi, kwa sababu hakutaka alaumiwe mwingine.

Maxine alimfukuza siku ile ile. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hakuwahi kumdhania hivyo, na kumtaka aache ufunguo.

Jumamosi iliyofuata mlango wa Royston uligongwa, nyumbani kwake Sneinton alikoishi peke yake. Alikuwa Selwyn, koti limelowa. Royston alidhani amekuja kumshukuru. Kwa aibu aliikumbuka dhana hiyo miaka yote iliyofuata.

"Nani alikutuma?" Selwyn aliuliza, akiwa bado amesimama.

"Hakuna. Niliona nimekukosea. Nilishindwa kuvumilia kukuona pale, unatia sahihi, unachekwa kama..."

"Ulishindwa wewe." Selwyn alivua kofia. "Sikiliza. Ulipokichonga kile kitu hukuniuliza. Sawa. Nilikichukia, nilikuchukia na wewe, na chai yako nilikuwa natamani kuitemea mate. Lakini nilikaa nacho siku mbili, Roy. Miaka saba kilikuwa humu ndani ya kichwa changu, na kwa mara ya kwanza kilikuwa nje, mezani, naweza kukigeuza. Wale watu wanacheka, wanakipenda, wanasema huyu ndiye anayerudi nyumbani. Nilirudi nikamwambia mke wangu. Usiku ule wa mkutano nilimwambia yote. Halafu wewe unakwenda unakikatakata ili wewe upate usingizi."

 Royston alitazama bandeji ya kidole chake.

"Nisamehe," akasema mwishowe. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kumtoka.

"Lipi kati ya yale?"

"Yote. La kwanza hasa. Ulinipa kitu nikutunzie."

"Eh," alisema Selwyn. "Nilikupa."

Wakakaa. Royston aliweka birika jikoni kwa sababu hakujua kingine cha kufanya. Alipokuwa anamimina maji alisema kwamba angeweza kumchonga Gethin, kama Selwyn angetaka, kama ana picha.

"Hapana," Selwyn alisema haraka. "Wewe usimguse."

Kisha, baada ya kunywa nusu kikombe, akasema kwa sauti nyingine, "Udongo ule ni mgumu kujifunza?"

Ndivyo kila Jumamosi ilivyokuja kuwa siku ya mafunzo. Selwyn alifika saa tatu asubuhi, wakakaa pande mbili za meza ya jikoni, na Royston akamfundisha: kukunja waya, kulowesha sindano isigande, kuacha kiwiliwili kikauke kabla ya kukigusa uso. Selwyn, aliyeweza kupaka mboni ya jicho kwa unywele mmoja wa brashi, hakuwa na kipaji cha kuchonga hata kidogo. Aliharibu vichwa kumi na viwili. Royston alijifunza kukaa juu ya mikono yake mwenyewe ili asimsaidie. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alinyamaza. Walizungumza habari za mpira, za kazini, za Maxine ambaye alikuwa amemwajiri msichana kutoka Leicester mwenye mikono mizuri. Falkland hawakuitaja. Royston alichonga kazi za kampuni nyingine kwa mkataba, na aliacha kuvitia sura za watu anaowafahamu.

Baada ya miezi minne ya Jumamosi hizo Selwyn alimaliza kisanamu chake. Alikuwa kijana aliyeketi, magoti juu, anafunga kamba ya kiatu. Mgongo ulikuwa mrefu kupita kiasi na sikio moja lilikuwa juu kuliko jingine. Lakini kichwa kilikuwa kimegeuka pembeni, kama cha mtu aliyeitwa na rafiki yake na anataka kumjibu utani, na Royston, ambaye hakuwahi kumwona Gethin, alihisi kwamba angemtambua barabarani.

"Utampeleka amiminwe?" aliuliza, akajuta papo hapo.

"Hapana. Ni huyu mmoja."

Selwyn alimfungia kwenye pamba, akamtia ndani ya kibati cha tumbaku, akakisukuma mfukoni. Mlangoni alipeana mkono na Royston, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo, na akasema kwamba Jumamosi ijayo mke wake anataka waanze kulima kile kipande chao cha bustani, kwa hiyo hatakuja.

"Na ile nyingine?" Royston aliuliza.

"Ile nyingine pia tutakuwa tunalima."

Alishuka kilima kuelekea kituo cha basi. Royston alisimama kizingitini mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akarudi ndani kusafisha meza. Vichwa vile kumi na viwili vilivyoharibika vilikuwa bado kwenye sahani, vimekauka. Alishindwa kuvitupa, na hakujiona ana haki ya kuvihifadhi. Alivifunga kwenye bahasha, akaandika juu yake jina na anwani ya Selwyn, akaenda posta kabla hawajafunga.

Hakupata jibu, wala hakulingoja.