Mguu wa Kushoto

Selina alikimwagia kidonda maji ya chumvi, mwanawe Leonidas akiuma upindo wa kanga. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepenya tundu la gogo la mninga, kabari imepigiliwa ili usichomoke. Huo ulikuwa mwezi wa saba tangu afungwe. Kijiji kizima cha Kinampanda kilijua, na kilimshukuru fundi aliyechonga tundu.

Chrispin, mhudumu wa afya wa kijiji, aliingia uani na daftari kwapani, kavaa fulana mpya ya semina.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukagua choo."

"Marahaba. Choo hakikimbii, baba. Mwangalie huyu kwanza."

"Shikamoo, daktari," Leonidas akasema, kwa adabu zake zote.

Chrispin akarudi nyuma hatua mbili. Hata marahaba ilimshinda!

"Niandikie barua aende hospitali, mjini," Selina alisema. "Ile sindano ya mwaka juzi ilimtuliza, akalima alizeti msimu mzima."

"Mama, hayo mambo ya ukoo. Sisi tumefundishwa homa, kuhara, kikohozi, vidonda. Kichaa hakina mstari humu." Akamfungulia daftari aone. "Mpeleke kwa mganga wa kienyeji. Na usimfungue, ataua mtu."

"Kamuua nani?"

Chrispin akajifanya anapekua kurasa. Selina alitamani kumtandika na hilo daftari lake. Akameza hasira, akili ikamjia.

"Vidonda vina mstari, eti?"

"Vinao."

"Basi andika kidonda."

Chrispin akaandika, kwenye daftari na kwenye barua ya zahanati. Kabari ikang'olewa, Leonidas akapakiwa kwenye baiskeli ya Chrispin mpaka zahanati. Njia nzima Selina alijipa moyo: tabibu ni msomi, akimwona kwa macho yake atamsogeza mbele, hospitali ya mjini, apate sindano.

Tabibu alikisafisha kidonda vizuri, haki yake apewe, akakifunga bendeji nyeupe pe.

"Na akili yake, daktari?"

"Barua inasema kidonda." Akamgeukia Chrispin. "Mguu huu upumzike mpaka upone. Mfungeni huo mwingine."

Selina alipiga ukelele, akamshika tabibu koti. Wauguzi wakambandua, wakamwambia asilete fujo mbele ya wagonjwa.

Nyumbani fundi alikuwa anawasubiri na nyundo. Leonidas akaketi kando ya gogo, akavua ndala ya kushoto mwenyewe, bila kuambiwa. Kabari ikagongwa.

Chrispin akaandika kwenye ule mstari wa vidonda: *amehudumiwa*. Akafunua ukurasa mwingine.

"Haya mama, choo chenyewe kiko wapi?"